Hitilafu Haikuonekana

Kibomet, Jumamosi, saa tisa alasiri

Nekesa mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda kwa fundi wa nguo kuchukua ile sketi ya kijivu, na kwa jinsi ninavyowajua nyinyi wawili, nina saa mbili za kuandika kabla hamjarudi. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, chini ya vyeti. Hutaiona mpaka ufike Kisumu uanze kupanga vitu vyako. Nimetaka iwe hivyo.

Mambo ya chumba, ya chakula na ya kufunga mlango, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia. Mimi nina jambo moja tu.

Jumatano tukiwa mezani ulituigizia usaili wako wa hii kazi ya Kisumu. Ulisema walikuuliza ungefanya nini mteja akija kulalamika kuhusu gari jipya, nawe ukawatajia yote uliyosoma: gari linalojifunga breki barabarani na mbele hakuna kitu, kioo cha dashibodi kinachozimika ghafla, injini inayozimika katikati ya mzunguko wa barabara, mkanda wa kiti unaogoma kufunguka. Mama yako alikuwa ameacha kula, anakutazama tu. Kisha ukanigeukia ukicheka, ukasema, "Lakini Baba, si wewe unajua. Nusu ya hao watu, gari haina shida. Ni wao hawajui kuendesha."

Niliinuka nikasema naenda kufungia kuku. Kuku walikuwa wameshafungiwa. Nilisimama nyuma ya banda mpaka niliposikia mnaondoa sahani.

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema katika nyumba hii miaka yote niliyofanya kazi pale mjini, kwenye gereji ya kampuni ya magari, ukiwa unafanya hesabu zako kwenye meza hiyo hiyo. Niliyasema nikivua viatu, niliyasema wageni wakiwepo, na watu walicheka. Hukuyapata kwenye vitabu, mwanangu. Uliyapata kwangu, na Jumatatu utakaa kwenye kiti kama kile nilichokalia, ukiwa nayo mdomoni.

Kazi yangu unaikumbuka kwa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Nilikuwa mtu wa kwanza mteja kukutana naye. Anaingia na gari, namkaribisha kiti, anasema shida yake, mimi naiandika kwenye kadi ya kazi na kuipeleka nyuma kwa mafundi. Kadi ilikuwa na nafasi ya mistari miwili. Chini yake kulikuwa na orodha ya visanduku: kelele, umeme, matairi, huduma ya kawaida, mazoea ya dereva. Ilibidi kila shida iingie kwenye kisanduku. Mtu angezungumza robo saa kwa Kiswahili, Kibukusu na mikono, nami nilikuwa hodari wa kumaliza habari yake yote kwa maneno matano. Makao makuu waliwahi kusifu kadi zangu, wakasema ndizo safi kuliko za matawi yote. Barua hiyo bado ninayo.

Gari likirudi kutoka kwa mafundi bila kuonekana tatizo, nilitakiwa kuandika kwamba hitilafu haikuonekana. Niliandika maneno hayo mara nyingi mpaka mkono ukachoka, basi nikaenda kwa mchonga mihuri karibu na soko nikachongesha muhuri. Hakuna aliyeniagiza. Ulikuwa wa wino mwekundu: HITILAFU HAIKUONEKANA. Nilijivunia kitu kile kama mtu aliyevumbua jambo. Mafundi waliupa jina la utani, wakauita Amina. Gari likirudi, wangesema, "Mzee Wanyonyi, piga Amina mtu aende nyumbani."

Jioni, kama unavyojua, niliandika shajara yangu. Mambo ya mvua, mbolea, mgonjwa niliyemtembelea, na maneno ya wateja yaliyonichekesha. Hayo niliyaandika jinsi walivyoyasema, neno kwa neno, kwa sababu nikiyasafisha hayachekeshi tena.

Mwaka mmoja tulianza kuuza gari jipya, dogo, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Watu walilipenda. Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Naliaka, mkulima wa mahindi wa upande wa Kiminini, mjane aliyesomesha watoto wote kwa shamba. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye palizi, amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Alianza kwa kuniomba radhi kwamba ananipotezea wakati. Kisha akasema, "Hii gari inavuta pumzi kwanza, ndiyo isimame."

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema akiwa kwenye mteremko, siku ya mvua, akikanyaga breki anasikia sauti kama ya mtu anayevuta hewa, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, halafu baadaye ndiyo inakubali. Si kila siku. Mara moja moja.

Nikatazama miguu yake. Nikamuuliza, "Mama, huwa unaendesha na hizo gambuti?"

Akasema ndiyo, akitoka shambani.

Nyuma yangu fundi mmoja alicheka. Nikatia alama kwenye kisanduku cha mazoea ya dereva, nikaandika: ameshauriwa asiendeshe akiwa na gambuti. Katika shajara siku hiyo nimeandika: Jumanne, mvua asubuhi. Mama mmoja wa Kiminini anasema gari lake linavuta pumzi. Tumecheka sana.

Wa pili alikuwa mchungaji, si wa kanisa letu. Waumini wake walichanga wakamnunulia gari lile, na lilipofika walifanya ibada nzima ya shukrani. Lilipakwa mafuta kwenye boneti, watoto wakaliimbia, wazee wakalizunguka. Mchungaji alikuja kwa huduma ya kawaida, akangoja mpaka wateja wengine watoke, akasogeza kiti. Alisema wakati mwingine, akiteremka barabara ikiwa na maji, akikanyaga breki anahisi kama kuna mtu chini anausukuma mguu wake urudi juu. Nilipochukua kalamu akaweka mkono juu ya kadi.

"Hiyo usiandike, ndugu yangu," akasema. "Gari limeombewa mbele ya watu wote. Wakisikia nimelirudisha, watauliza ni nani aliyetoa sadaka yake kwa moyo mbaya. Nitapasua kanisa kwa sababu ya breki."

Nilimwelewa. Kwetu gari jipya halilalamikiwi. Ukisema lina shida, jirani anadhani unamtaja yeye, kwamba alilitazama vibaya. Nilipaswa kumwambia hayo ni ya kanisa lake na haya ni ya chuma. Badala yake niliona ni heshima kumfichia. Kisanduku: huduma ya kawaida.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Simiyu wa Bokoli.

Nisome polepole hapa, mwanangu, kwa sababu nimeanza sehemu hii mara tatu na karatasi mbili zimeingia motoni.

Mwalimu Simiyu alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi. Alikuwa mtu kama mimi: suruali iliyonyooshwa, kalamu mfukoni, karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuja mara tatu. Kila mara aliniletea karatasi aliyoandika siku, mahali, hali ya barabara na jinsi pedali ilivyokuwa ngumu kama jiwe. Mara ya kwanza mafundi walizunguka na gari lake mjini, wakarudi, nikapiga muhuri. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa saa kumi na nusu. Alikataa kukaa.

"Bwana Wanyonyi," akasema, "hapa mjini ni tambarare na kumekauka. Hapa haiwezi kufanya. Twende pamoja mteremko wa Kamukuywa. Mimi nitaendesha, wewe ukae tu uone."

Nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, inayosema majaribio ya magari hayavuki mipaka ya mji. Karatasi ile niliiandika mwenyewe baada ya meneja kusema tunamaliza mafuta. Meneja alikuwa ofisini, mlango wazi. Ningeweza kuinuka nikamwomba ruhusa, na labda angekataa, labda angekubali. Sikuinuka. Nilikuwa nimeshajumlisha kadi za wiki na nimepiga mstari chini. Sikutaka kufungua wiki tena.

Mwalimu alitazama karatasi, akanitazama. Hakupaza sauti. "Mimi si mtoto, Bwana Wanyonyi. Hii kitu itaua mtu."

Nikamwambia, kwa adabu yote, kwamba magari haya mapya yana mitambo mingi, mtu huchukua muda kuyazoea. Nikapiga muhuri. Akakunja nakala yake mara nne, akaitia mfukoni, akaniaga vizuri.

Wiki ya tatu baada ya hapo, mvua ikinyesha, gari lake liliteremka Kamukuywa na halikusimama. Mbele kulikuwa na trekta la miwa. Mkewe alikuwa kiti cha pembeni na akapona, ila mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo. Mwalimu hakufika hospitali.

Polisi walikuja kuchukua kadi, nami nilizitoa kwa dakika moja, kwa sababu faili zangu zilikuwa safi. Kadi tatu, muhuri mwekundu mara tatu. Ikaandikwa kwamba dereva alikuwa na mwendo wa kasi. Pale Bokoli watu walisema alikuwa amelewa, mtu asiyeonja hata busaa ya harusi. Wengine wakasema ni ndugu zake, kwa sababu ya shamba. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyetaja breki isipokuwa mkewe. Aliwaambia polisi, "Alikanyaga. Nilimwona akikanyaga na miguu yote miwili." Wakamwambia mama apumzike.

Kampuni ilitutuma watu watatu mazishini na shada la maua. Mimi ndiye niliyelibeba. Tulipopanga mstari wa kumpa mkono mjane, nilitaka kupita haraka, lakini alishika mkono wangu kwa ule wake mzima akauliza kama ndimi Wanyonyi wa gereji. Nikasema ndimi.

"Asante kwa kuja," akasema. "Alikuwa anakutaja nyumbani. Alisema pale kwenu wewe ndiye uliyekuwa unamsikiliza."

Nilikula chakula cha mazishi, Nekesa. Walinipa sahani, nikala, nikaosha mikono.

Kesho yake nilifungua shajara ili niandike mazishi, na bila kukusudia nikaanza kusoma nyuma. Mama wa gambuti. Mchungaji na mguu unaosukumwa. Mwalimu na pedali yake ya jiwe. Kwenye kadi za kampuni watu hao walikuwa katika visanduku viwili na muhuri, mbali mbali kabisa, na mtu yeyote anayesoma kadi zangu safi asingeweza kuwakutanisha. Kwenye daftari la vichekesho walikuwa wanasema jambo moja. Mteremko, maji, pedali ngumu, halafu inakubali. Nilikuwa nalo ndani ya nyumba muda wote.

Jumatatu nilimpelekea meneja daftari lile. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga kama mimi, ila tai yake ilikuwa nzuri zaidi. Alisoma kurasa tatu akanirudishia. "Mzee, hii ni daftari yako ya nyumbani," akasema. "Hapa tunatumia kadi. Na kadi ni zako." Nikarudi kwenye kiti changu. Nilijiambia nimefanya nililoweza.

Karibu mwaka mmoja baadaye makao makuu walituma orodha. Magari yote ya aina ile yaitwe, yabadilishwe kifaa kimoja kinachosaidia breki, bila malipo, na tusiwatishe wateja. Orodha ilikuwa ya namba za chasisi. Nilipiga simu moja moja. Nilipofika kwenye namba ya Mwalimu Simiyu nilichukua rula, nikapiga mstari ulionyooka, nikaandika pembeni: gari halipo tena.

Hivyo ndivyo nilivyoandika. Na simu sikupiga. Ningeweza kumpigia mkewe siku ile nikamwambia, mama, uliona sawasawa, breki ndiyo iliyokataa. Sikupiga siku ile, wala wiki ile, na kila mwezi uliopita uliufanya mwezi uliofuata kuwa mgumu zaidi. Imepita miaka sita. Nina hakika bado anaambiwa mumewe alikuwa amelewa.

Mama Naliaka alikuja kubadilishiwa kifaa. Alivaa viatu vyeusi vya kanisani, vimepakwa rangi. Alikaa, akanyoosha mguu mmoja mbele kidogo, akasema, "Leo nimevaa vizuri, Mzee. Sasa utaiandika?" Mafundi hawakucheka. Mimi niliandika, na kalamu ilikuwa haitaki kuandika.

Tawi lilipofungwa niliondoka na madaftari yangu, na muhuri niliutia mfukoni. Mama yako anajua kwamba mteja mmoja alikufa. Hajui mengine. Nitamwambia leo mkirudi, kabla ya chakula.

Sikuandikii haya ili uichukie kazi uliyopata. Umeitafuta kwa haki na utaifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu mimi pia niliifanya vizuri. Una mwandiko wangu. Una ule upole wangu wa kumwambia mtu hapana akatoka ameridhika. Nilidhani nakurithisha vitu vizuri.

Nimewaza sana watu wale watatu na kitu kimoja kimenishangaza. Hakuna aliyekuja na hasira. Mama Naliaka aliomba radhi. Mchungaji alinong'ona. Mwalimu aliniaga. Wenye kelele walikuja kwa sababu ya rangi iliyokwaruzwa na redio isiyoshika, na hao niliwahudumia upesi ili wanyamaze. Mtu aliyeogopa kweli ndani ya gari lake jipya anaona aibu kwanza. Anajilaumu kabla hujamlaumu. Ukimsaidia kujilaumu, atakushukuru na kwenda zake, na wewe utajiona mwema. Mimi nilijiona mwema.

Ukikuta kwamba umeanza kumtazama mtu viatu vyake kabla hujamaliza kumsikiliza, kumbuka mimi. Sina la kukushauri zaidi ya hapo. Kama ningekuwa nalo ningelitumia mwenyewe Ijumaa ile.

Sasa la kesho.

Nimesema nitakusindikiza mpaka Kisumu nione chumba. Si kweli, na nisamehe, uongo huo na wa kesho ndio wa mwisho nitakaokuambia. Tukishapita Kamukuywa, kwenye njia ya kuingia Bokoli, nitamwomba dereva asimamishe gari nishuke. Nitakuambia kuna mzee mgonjwa nataka kumwona, na utakasirika kidogo. Nitakuwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mna shajara ya mwaka ule, nakala ya ile orodha ya namba za chasisi, yenye namba niliyoipigia mstari, na muhuri. Mjane wa Mwalimu atakuwa ametoka kanisani. Nitamsomea kurasa zote tatu, pamoja na mahali nilipoandika kwamba tumecheka, halafu nitamwachia kila kitu.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza. Anaweza kupeleka vitu hivyo kwa wakili, na jina langu likasomwa mahali pa wazi. Jina hilo ni lako pia, na watu wa biashara ya magari wanajuana. Huenda likafika Kisumu kabla hujazoea meza yako, na mtu akakuuliza kama Wanyonyi huyo mnahusiana. Nilifikiri kungoja mpaka upite muda wa majaribio kazini. Kisha nikaona kwamba hivyo ndivyo nilivyofikiri miaka sita yote, kila mara nikiwa na sababu nzuri, na mara nyingi sababu hiyo ilikuwa wewe. Wakikuuliza, usinitafutie maneno laini. Sema ni baba yako.

Lipo jambo moja dogo. Tangu uwe sekondari mnanicheka, wewe na mama yako, kwamba nikipanda gari tukafika Kamukuywa, naanza kukanyaga sakafu. Ulikuwa unawaambia wenzako, "Baba yangu huendesha basi akiwa kiti cha nyuma." Mlidhani ni uzee, nami niliacha mdhani hivyo. Sasa unajua ninachokanyaga.

Kesho tutateremka pale tukiwa pamoja, nawe utakuwa hujasoma haya. Utaona miguu yangu inasukuma sakafu, yote miwili, na utacheka na kunigusa bega kama kawaida yako. Cheka tu, mama. Sitakuzuia. Nitakuwa nakusikiliza mpaka chini, na tukifika daraja la pale chini nitaomba gari lisimame mbele kidogo, nishuke.

Nasikia lango. Mmerudi mapema.

Baba yako,
Wanyonyi